Majeruhi wa vita: kutoka hema la Rufaida hadi mashine iliyozaliwa Hayes

Ndege ya kutoka Maskati, Dubai au Doha ikishaanza kushuka Heathrow, abiria wengi huwa wameshughulika kutafuta pasi na kuwavisha watoto makoti. Mji ulio kaskazini ya uwanja, ng'ambo tu ya barabara kuu ya M4, hauwahusu. Unaitwa Hayes. Una mfereji wa zamani wa kupitishia majahazi ya mizigo, kituo cha treni, maduka ya Wahindi na Wasomali, na mabucha ya nyama ya halali. Siku hizi hukosi kumsikia mtu akisema Kiswahili kwenye foleni ya basi.

Mimi huja hapa kwa binti yangu na wajukuu, na ualimu nimestaafu lakini tabia ya kuuliza haijastaafu. Nikauliza: majengo makubwa haya ya Blyth Road, yaliyogeuzwa fleti, yalikuwa ya nini? Kumbe mji huu mdogo una habari mbili zinazopingana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Hayes ilijaza makombora ya kuvunjia watu mifupa. Miaka hamsini na kitu baadaye, Hayes hiyohiyo ilibuni mashine ambayo leo humwonyesha daktari ndani ya kichwa cha majeruhi bila ya kukipasua.

Kati ya habari hizo mbili kuna historia ndefu ya namna binadamu anavyomtazama mwenzake aliyeumia vitani. Ndani ya historia hiyo kuna babu zetu wa pwani, na hao ndio walionifanya niandike.

Mkeka uliochomwa Uhud

Shuleni, sekondari ya misheni, tulifundishwa kwamba uuguzi wa majeruhi ulianza na bibi mmoja wa Kiingereza, Florence Nightingale, aliyekwenda Uturuki mwaka 1854. Mama yule alifanya kazi kubwa, na nitamfikia. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyesoma chuoni kabla ya kwenda skuli alikuwa anajua habari ya zamani zaidi.

Katika vita vya Uhud, Mtume wetu (S.A.W.) alijeruhiwa usoni. Sayyidna Ali akawa anamimina maji kwa ngao, na Bibi Fatma anaosha damu. Alipoona maji yanazidisha damu kutoka, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma, akabandika jivu lake juu ya jeraha, na damu ikasimama. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Hebu itazame kama daktari: jeraha limesafishwa, likachunguzwa, dawa ya kwanza haikufaa, ikabadilishwa. Kuzuia damu ndiyo kazi ya kwanza hata leo.

Kisha vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi, ukakata mshipa. Akawekwa ndani ya hema pale msikitini Madina, na wanahistoria wa sira wanaitaja hema ya Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi na kuwahudumia Waislamu wasiokuwa na mtu wa kuwatazama. Ummu Atiyya naye ameeleza kwamba alitoka pamoja na Mtume katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akitibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa.

Ilimu hiyo ilipokua, ilifika Kordoba, Andalusi, kwa Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11 ya Miladi. Aliandika kitabu cha juzuu 30, at-Tasrif, na ndani yake alichora vyombo vya upasuaji, akaeleza jinsi ya kuziba mshipa unaovuja na kushona jeraha kwa uzi wa utumbo wa mnyama. Kitabu hicho kilitafsiriwa Kilatini na Wazungu wakakisoma kwa mamia ya miaka.

Ulaya yajifunza kwa taabu

Ulaya nayo ilijifunza, lakini kila somo lililipiwa damu. Mfaransa Ambroise Paré, karne ya 16, aliacha desturi ya kumimina mafuta ya moto kwenye majeraha ya risasi, maana aliona kwa macho yake kwamba wale aliowapaka dawa ya upole walilala usiku na wale wa mafuta ya moto walipiga kelele hadi asubuhi. Katika vita vya Napoleon, daktari Dominique Larrey alitengeneza magari mepesi ya farasi ya kuwafuata majeruhi vitani wakati vita bado vinapiganwa. Alishika pia kanuni moja kubwa: anayetibiwa kwanza ni aliyeumia zaidi. Cheo chake hakitazamwi, wala jeshi lake.

Halafu vita vya Crimea. Nightingale alifika hospitali ya Scutari, upande wa Asia wa Istanbul, pamoja na wauguzi 38. Alikuta askari wengi wanakufa kwa kuhara, homa na uchafu kuliko kwa risasi. Alikuwa hodari wa hesabu, akaichora hesabu ya vifo kwa michoro ambayo hata waziri asiyependa kusoma aliielewa. Upande wa pili wa vita hivyo, Mrusi Nikolai Pirogov alikuwa anatumia nusukaputi mstari wa mbele na kuwapanga majeruhi kwa makundi: huyu wa sasa hivi, huyu anaweza kungoja, huyu wa kufarijiwa tu.

Mwaka 1859, mfanyabiashara wa Uswisi Henri Dunant aliukuta uwanja wa Solferino, Italia, umejaa maelfu ya majeruhi wasio na wa kuwapa hata maji. Kutokana na aliyoyaona huko ikazaliwa kamati ya Msalaba Mwekundu mwaka 1863, na mwaka uliofuata Mkataba wa kwanza wa Geneva: majeruhi atibiwe bila kuulizwa jeshi lake, na mganga na hospitali visipigwe. Dola ya Uthmaniya, ilipopigana na Warusi miaka ya 1877 hadi 1878, ikatumia hilali nyekundu badala ya msalaba. Hilali hiyo ndiyo tunayoiona leo kwenye magari ya wagonjwa katika nchi nyingi za Kiarabu.

Hayes na jirani zake, 1914 hadi 1918

Sasa turudi Hayes. Kampuni ya Gramophone ilijenga kiwanda chake hapa kuanzia mwaka 1907. Wazee wetu waliijua vizuri kampuni hii bila kujua Hayes iko wapi, maana ndiyo iliyotoa santuri zenye picha ya mbwa anayesikiliza. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirekodi kwa kampuni hiyo. Lakini miaka kumi na kitu kabla ya Siti, vita vilipozuka, karakana za santuri ziligeuzwa kutengeneza vifaa vya silaha.

Pembeni yake serikali ikajenga Kiwanda cha Taifa cha Kujaza Makombora, namba 7. Vita vilipopamba moto kilikuwa na wanawake karibu 10,000. Kazi yao ilikuwa kutia baruti ndani ya makombora na fataki zake. Baruti ya TNT iliwageuza ngozi na nywele kuwa manjano, na watu mitaani wakawaita kwa jina la ndege wa manjano wa kufugwa. Wengine wakiumwa ini, wengine mapafu. Nao pia ni majeruhi wa vita, ingawa hakuna aliyewapokea kwa machela.

Maili chache kaskazini ya Hayes, katika kijiji cha Harefield, habari ilikuwa nyingine. Familia moja ya Kiaustralia iliyokuwa na jumba kubwa huko, Billyard-Leake, ililitoa liwe hospitali ya askari wa Australia. Wagonjwa wa kwanza waliingia Juni 1915, wengi wao baadaye wakitokea Gallipoli walikopigana na Waturuki. Walianza kwa vitanda vichache, hospitali ikatapakaa vibanda vya mbao mpaka ikapita vitanda 1,000. Palikuwa na chumba cha eksirei, mahali pa kupasulia, na karakana za kuwafundisha waliokatwa viungo kazi mpya ya mikono.

Majeruhi hakuwa akifika hapo kwa siku moja. Wachukuzi wa machela walimtoa kwenye handaki usiku. Akafungwa bendeji kituo cha kwanza, akapelekwa kituo cha pili kwa mkokoteni au gari, kisha hospitali ya mahema karibu na reli, ndipo treni, meli, na treni tena. Udongo wa mashamba ya Ufaransa ulijaa samadi, na kila kipande cha chuma kilichoingia mwilini kiliingia na uchafu wake. Kwa hivyo madaktari waliacha kushona jeraha haraka. Walikata nyama iliyokufa, wakaliacha wazi, wakaliosha kwa dawa, na kila aliyejeruhiwa akapigwa sindano ya kuzuia pepopunda.

Mfupa wa paja ukivunjika kwa risasi, mwanzoni mwa vita aghlabu ilikuwa kifo, maana kila machela ikitikisika ncha za mfupa zilikuwa zikikata mishipa na damu ikimwagikia ndani. Dawa ilikuwa chombo cha chuma na kitambaa cha kunyoosha mguu, alichokuwa amekibuni tabibu wa Liverpool, Hugh Owen Thomas, na mpwa wake Robert Jones akalishawishi jeshi likitumie. Vitabu vya udaktari husimulia kwamba vifo vya paja vilishuka kutoka karibu 80 katika kila 100 hadi chini ya 20. Chombo chenyewe ni cha kawaida sana, ukikiona unaweza kudhani ni fremu ya kitanda. Na mwaka 1917 daktari wa Kimarekani, Oswald Robertson, alianza kuweka damu kwenye chupa na barafu karibu na mstari wa mbele, ngoja ngoja ya kumtafuta mtoaji damu ikaisha.

Katika viwanja vya kanisa la Mtakatifu Maria, Harefield, wamezikwa Waaustralia zaidi ya 100. Kila mmoja ana jiwe, na kila jiwe lina jina. Tarehe 25 Aprili kila mwaka watoto wa skuli huja na maua, mtoto mmoja kwa kaburi moja. Desturi hii ina miaka zaidi ya mia sasa.

Hospitali yenyewe haikufa na vita. Ilikuwa ya kifua kikuu, kisha ya moyo, na kuanzia mwaka 1980 daktari mpasuaji mzaliwa wa Misri, Magdi Yacoub, akaifanya iwe miongoni mwa sehemu mashuhuri duniani za kupandikiza moyo. Familia nyingi za Ghuba zinaijua Harefield kwa sababu ya mgonjwa wa moyo. Mara nyingine hawajui kwamba iliasisiwa kwa ajili ya vijana waliopigwa risasi.

Maji mbalimbali, jiko mbalimbali

Waislamu nao walitibiwa Uingereza katika vita hivyo. Kuanzia mwisho wa mwaka 1914 kasri la kifalme la Brighton, pwani ya kusini, liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi. Liliwekewa majiko mbalimbali kwa Waislamu na kwa Wahindu, mabomba ya maji mbalimbali, na Waislamu wakapewa mahali pa kusalia uwanjani. Waliofariki katika Waislamu walipelekwa Woking, karibu na msikiti wa Shah Jahan, wakazikwa kwa sheria yao.

Hisani hiyo ilikuwa na siasa ndani yake. Serikali iliogopa habari zilizokuwa zikienezwa na Wajerumani kwamba Waislamu wanatupwa tu bila ya mazishi. Lakini hata kama sababu ilikuwa siasa, mgonjwa alipata maji yake na maiti alipata sanda yake. Mmoja wa askari wa Kiislamu waliojeruhiwa siku hizo ni Khudadad Khan wa kikosi cha 129 cha Mabaluchi. Alibaki peke yake na bunduki yake ya rasharasha, na akawa askari wa kwanza wa Kihindi kutunukiwa Msalaba wa Victoria. Kikosi chake, mwanzoni mwa mwaka 1916, kilipandishwa meli kuletwa wapi? Kwetu, Afrika ya Mashariki.

Kariakoo si jina la soko

Hapa ndipo roho yangu inaponiuma.

Vita vilifika kwetu mapema. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga bandarini Unguja. Mabaharia 38 walikufa na wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kisiwa cha Chapwani, na mtalii yeyote anaonyeshwa makaburi yao.

Lakini vita vya bara vilidumu hadi Novemba 1918, na huko adui mkubwa hakuwa risasi. Hapakuwa na njia za gari, na ndorobo aliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Basi kila gunia la mchele, kila sanduku la risasi, kila machela yenye mgonjwa ilibebwa kichwani na mabegani mwa mtu. Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi, wengine kwa ujira, wengi kwa nguvu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukalifanya jina hilo Kariakoo. Ndiyo Kariakoo ya Dar es Salaam, ndiyo ya Nairobi, ndiyo ya Unguja. Kila anayekwenda pale kununua kitenge anatamka jina la kambi ya wapagazi.

Hesabu rasmi inasema wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ni zaidi ya 95,000. Walikufa kwa malaria, kuhara damu na homa ya mapafu. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi, hana sufuria ya kufaa wala muda wa kuupika, akala ubichi ukamchana matumbo. Mtu wa pwani aliyezoea joto alilazwa mlimani kwenye baridi bila blanketi. Kwinini ilikuwapo, lakini askari alitangulia na mpagazi akaja nyuma. Wajerumani nao, walipozingirwa, walitengeneza kwinini yao katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na bendeji kwa magome ya miti. Nao pia wapagazi wao walikufa njiani bila hesabu.

Walikuwapo watu wetu waliotibu. Uganda, mwaka 1917, Meja G. J. Keane aliunda kikosi cha waganga wa Kiafrika, akawachukua mamia ya vijana wa skuli za misheni, maana ndio waliojua kusoma na kuandika. Vijana hao walifunga vidonda, waligawa dawa, waliandika kadi za wagonjwa, wakafundishwa na kutumia darubini kutafuta vijidudu vya malaria ndani ya damu. Wengi wa wagonjwa wao walikuwa hao wapagazi. Unguja, Askofu Frank Weston wa misheni ya UMCA aliunda kikosi cha wapagazi mwaka 1916 akatembea nao mwenyewe hadi bara. Mimi niliyesomeshwa na misheni, hadithi za vijana hawa sikuzisikia darasani hata siku moja. Nilimsikia Nightingale kila mwaka.

Vita vilipokwisha, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa wazazi wala wajane wao. Baadaye ikasimamishwa minara mitatu ya askari: Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, yenye maandishi ya Kiingereza na Kiswahili na herufi za Kiarabu. Majina ya wapagazi hayamo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe na kukiri. Watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Pima sasa. Harefield, mtoto mmoja, ua moja, kaburi moja, jina moja. Kwetu, makumi ya maelfu ya watu na jina la soko.

Vita vya pili vilileta ilimu mpya, penisilini na damu ya akiba, na safari hii askari wetu wa KAR waliopelekwa Burma walipata matibabu bora kuliko babu zao. Lakini bahari nayo ilikula. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike waliokuwa wakienda kutibu majeruhi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na 77 kati yao ni wanawake.

Mtoto wa mkulima na mkate wa boflo

Baada ya vita hivyo kampuni ya santuri, sasa ikiitwa EMI, ilikuwa na maabara kubwa Hayes. Aliingia humo kijana aliyekuwa jeshi la anga wakati wa vita akishughulika na rada: Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima, hana digrii ya chuo kikuu.

Eksirei ya kawaida ni kivuli. Mfupa, damu na nyama vyote vinaangukia kwenye picha moja, kimoja juu ya kingine, na fuvu linaficha ubongo kabisa. Hounsfield aliwaza hivi: chukua mkate wa boflo uliofungwa ndani ya karatasi. Ukiupitishia miale kutoka pande nyingi, ukapima kila mara imepungua kiasi gani, kompyuta inaweza kupiga hesabu ikakuonyesha kila kipande cha mkate kama umeukata kwa kisu, na karatasi hujaifungua. Majaribio ya kwanza yalichukua siku 9 kwa picha moja. Alikuwa akipita London kwa treni ya chini ya ardhi na mfuko wenye ubongo wa ng'ombe wa kujaribia, na abiria wenzake hawana habari.

Tarehe 1 Oktoba 1971, hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, pamoja na Dk. James Ambrose, mgonjwa wa kwanza aliwekwa ndani ya mashine. Uvimbe ndani ya ubongo ukaonekana mahali pake hasa. Watu hupenda kusema ni fedha za nyimbo za Beatles zilizolipia, kwa kuwa santuri zao zilichapwa Hayes. Ukweli ni kwamba Wizara ya Afya ya Uingereza nayo ilitia fedha nyingi. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeifikia hesabu hiyo kwa njia yake mwenyewe.

Kabla ya CT scan, majeruhi akipigwa kichwani na akaanza kusinzia, daktari alikisia tu: damu inajikusanya wapi? Akatoboa fuvu huku na huku. Sasa dakika chache zinatosha kuonyesha damu iko upande gani na ni nyingi kiasi gani. Hospitali ya jeshi ya Camp Bastion, Helmand, Afghanistan, ilikuwa na mashine hiyo katikati ya jangwa, majeruhi anashushwa kwa helikopta na kupigwa picha kabla ya kupasuliwa. Na kilichotoka vitani hakikubaki vitani. Kijana aliyepinduka na gari barabara ya Sur akaletwa hospitali ya Khoula, Maskati, au aliyeanguka na bodaboda akafikishwa Muhimbili, anaokolewa na wazo lililozaliwa Blyth Road.

Tunalotakiwa kulifanya

Mambo matatu nataka tuyachukue nyumbani.

La kwanza ni la mikono. Vita vya Iraq na Afghanistan viliwarudisha madaktari kwenye somo la Bibi Fatma: zuia damu kwanza. Mtu akivuja damu nyingi, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachie kuchungulia. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, funga kwa mkanda mpana juu ya jeraha, kaza mpaka isimame, kumbuka saa uliyofunga. Piga simu: Oman 9999, gari la wagonjwa Emirati 998, Uingereza 999. Na tuchangie damu.

La pili ni la ulimi. Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 kulaani mashambulizi dhidi ya hospitali na waganga vitani. Kila tukiona hospitali imepigwa, Sudan, Gaza, Ukraine au Kongo ya Mashariki, tusizoee. Hema la Rufaida lilikuwa ndani ya msikiti, na maana yake haihitaji mfasiri.

La tatu ni la kalamu. Katika familia zetu, za Kiarabu, Kibaluchi, Kinyamwezi na Kimakunduchi zilizochanganyika, bado kuna mabibi na mababu waliosikia kwa wazazi wao: fulani alichukuliwa Kariakoo hakurudi. Waulize msimu huu wa likizo. Andika jina, jina la baba, kijiji, na alikoonekana mara ya mwisho. Wahifadhi wa kumbukumbu wanatafuta majina hayo sasa hivi, na kila mzee anayefariki anaondoka nayo. Waaustralia wa Harefield wanaletewa maua kwa sababu kuna aliyekaa akaandika majina yao. Wa kwetu wanatungojea sisi.